Rangi ya taa na kazi: maswali ninayoulizwa na wateja wangu wa Arusha na Moshi

Mimi ni fundi umeme. Kazi zangu nyingi ziko Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, na kila mwezi nashuka Moshi mara moja au mbili. Zamani mteja alikuwa anauliza bei, kisha wati, basi. Siku hizi anauliza rangi: nyeupe au njano, ipi inafaa kwa kazi? Ni swali zuri, na jibu linalotolewa kaunta huwa fupi mno: "Chukua nyeupe, inawaka sana." Nimeandika hapa majibu ninayowapa wateja pamoja na sababu zake, maana mtu akijua sababu anaweza kujiamulia mwenyewe hata akihamia chumba kingine.

Ni kweli rangi ya taa inabadili utendaji wa kazi, au ni maneno ya wauza taa?

Ni kweli, ila kuna mambo mawili ndani yake na watu huyachanganya.

La kwanza ni kuona. Taa hazionyeshi rangi zote sawasawa. Kuna taa inayofifisha nyekundu, kuna nyingine inayoficha bluu. Anayeshona, anayepiga rangi magari, anayechambua kahawa au anayekagua jiwe anaweza kukosea kwa sababu ya taa, hata awe hodari kiasi gani.

La pili ni mwili kuwa macho. Shuleni tulifundishwa kwamba jicho lina aina mbili za seli za kupokea mwanga. Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba ipo aina ya tatu: seli chache nyuma ya jicho zenye protini iitwayo melanopsini. Kazi yake kubwa si kutengeneza picha. Zinaupelekea ubongo habari kwamba sasa ni mchana au sasa ni usiku, na zinasisimka zaidi kwa mwanga wa bluu wa nanomita 480 hivi, ile bluu ya anga. Zikiupata wa kutosha, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huzuiwa. Taa nyeupe yenye ubluu ina mwanga huo mwingi kuliko taa ya njano. Maneno yote ya "taa ya kazi" na "taa ya kupumzikia" chanzo chake ni hapo.

Kwa hiyo nikikuuliza unafanya kazi gani na unaifanya saa ngapi kabla sijakutajia taa, usinione nakuchelewesha.

Zile namba zenye K kwenye boksi zina maana gani?

Ni joto la rangi, kwa kipimo cha kelvini. Wafikirie wahunzi wa Mamba, kule karibu na Marangu. Chuma kikikaa kwenye makaa kinaanza kuwa chekundu, joto likizidi kinageuka njano, likizidi tena kinaelekea weupe. Taa zinapimwa kwa mfano huohuo: namba ndogo ni njano, namba kubwa ni nyeupe, na ikizidi sana inakuwa na ubluu. Mshumaa uko kwenye 1900 hivi, balbu za zamani za waya 2700, jua la adhuhuri karibu 5500, na taa nyingi zilizoandikwa Daylight zina 6500. Katikati kuna 4000, nyeupe tulivu isiyoegemea upande wowote. Hiyo maduka mengi hayaiweki mbele, inabidi uiulizie.

K haikwambii taa ina mwanga kiasi gani. Hilo soma kwenye lumeni. Wala haikwambii kama rangi za vitu zitaonekana zilivyo. Hilo nalo lina namba yake, nitalifikia kwa mafundi cherehani.

Ofisi ya kawaida nifunge rangi gani?

Kama ni kompyuta na makaratasi, na mnafunga saa kumi na moja jioni, mimi nafunga 4000. Inakubaliana na mwanga wa dirishani, haifanyi nyuso za watu zionekane kama za wagonjwa, na kwa kazi ya mchana ina bluu ya kutosha. Chumba kisicho na dirisha kabisa, kama vile vya nyuma ya maduka pale mjini, nakubali kukifungia 6500.

Utafiti unaotajwa sana kuhusu jambo hili ulifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008. Wafanyakazi wa ghorofa mbili za ofisi walikaa wiki nne chini ya taa za kelvini 4000, na wiki nne nyingine chini ya taa zenye ubluu mwingi za kelvini 17,000. Takwimu za watu 94 zilionyesha kwamba kwenye zile za bluu walijisikia macho zaidi, walisema wanafanya kazi vizuri zaidi, na usiku walilala vizuri zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini soma vizuri: walijisikia, walisema. Ni wao wenyewe waliojipima, na taa yenye rangi ile kila mtu anaiona ikibadilika. Ndiyo maana siwezi kumwambia mteja kwamba akibadili balbu kazi itakimbia yenyewe.

Nimefunga nyeupe kabisa na bado nasinzia saa nane mchana. Tatizo nini?

Mara tisa kati ya kumi ninapoitwa kwa swali hili, tatizo si rangi. Ni uchache wa mwanga, na hili naomba ulisome polepole kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Chukua chumba cha mita nne kwa tano. Juu kuna tyubu mbili za LED za wati 18, kila moja lumeni 1,800 hivi. Jumla lumeni 3,600. Karibu nusu inapotelea ukutani, darini na kwenye vumbi la taa zenyewe. Kinachobaki ukikigawa kwa mita za mraba 20 unapata lux 100 hivi mezani; lux ni lumeni zinazofika kwenye kila mita ya mraba. Viwango vya kimataifa vya kazi ya kusoma na kuandika ofisini vinataka lux 500. Una sehemu ya tano ya kinachotakiwa. Mkishindana nyeupe au njano katika hali hiyo, mnashindana juu ya rangi ya kitu ambacho hamna.

Sasa toka nje. Jua la Arusha saa sita mchana linafika lux 100,000. Hata asubuhi ya Julai, Meru ikiwa imejifunika na watu wamevaa makoti, nje bado kuna maelfu ya lux. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi wa mwanga lilichapisha mapendekezo: mchana jicho lipokee angalau lux 250, saa tatu za mwisho kabla ya kulala zisizidi 10, na wakati wa kulala isizidi 1. Hizo zinahesabiwa kwa namna zile seli za aina ya tatu zinavyouona mwanga wa mchana, tena zinapimwa usawa wa jicho, si juu ya meza. Tyubu zako mbili hazikaribii hapo. Dirisha linafika, bila bili ya LUKU.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, sogeza meza. Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa usoni litakuumiza macho, likiwa mgongoni kioo cha kompyuta kitang'aa kama bati. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, siku ndefu na siku fupi za mwaka hazipishani hata nusu saa, na jua la juu linaegemea kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili. Madirisha ya kaskazini na kusini ndiyo rahisi kuyakinga kwa kibaraza. Ya magharibi, hasa Moshi, yanaleta joto la alasiri hadi watu wanashusha mapazia mazito na kuwasha taa mchana kweupe.

Meza isiyoweza kusogea, ipe taa yake. Taa ya mezani ya wati 7 hadi 9 yenye kofia, ikikaa nusu mita juu ya daftari, inaweza kufikisha lux 500 pale mkono unapoandika. Ni nafuu mno kuliko kujaza dari.

Na usingizi wa saa nane una sababu nyingine pia. Saa ya mwili hulegea mchana hata kwa mtu ambaye hajala. Dakika kumi za kutembea nje baada ya chakula zitakusaidia kuliko taa yoyote niliyonayo kwenye gari.

Mimi ni fundi cherehani. Taa gani haitanidanganya?

Swali hili nalibeba moyoni kwa sababu ya mama mmoja wa Ngarenaro. Alikuwa na oda ya sare za kwaya, sketi na blauzi za rangi ya damu ya mzee. Akashona usiku kucha ili awahi Jumapili. Asubuhi alipozitundika kibarazani, mishono ya chini ya sketi kumi na moja ilikuwa na uzi wa kahawia.

Alinipigia. Nilipofika nikamkuta ameshika wembe, anafumua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii taa. Imenidanganya."

Nikaomba vile vibunda viwili vya uzi. Tukafunga mlango na dirisha, tukawasha balbu, nikaviweka kwenye meza ya cherehani kimoja ubavuni mwa kingine. Kwa kweli vilikuwa ndugu. Damu ya mzee ilikuwa imezima, imekuwa hudhurungi kama udongo. Nikafungua mlango, nikavisogeza hatua mbili hadi kwenye mwanga: kimoja kikawa chekundu kizito, kingine kahawia. Yule mama hakuwa na tatizo la macho wala la usingizi. Balbu ndiyo ilikuwa na upungufu.

Taa nyeupe ya LED ndani yake ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya ile bluu. Chipu hiyo ya bluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa wa kiwango cha chini, mwanga unaotoka una bluu na njano nyingi lakini nyekundu kidogo. Macho yanauona mweupe, ila kitambaa chekundu hakipati nyekundu ya kurudisha. Taa za njano zina udhaifu wa upande wa pili: bluu yake ni chache, kwa hiyo uzi wa bluu nzito na uzi mweusi vinafanana.

Namba ya kutazama, ile inayoonyesha taa inafichua rangi za vitu zilivyo kwa kiasi gani, huandikwa CRI au Ra. Mwisho wake ni 100. Chini ya 80 usifungie kazi yoyote ya ndani. Kwa cherehani, saluni ya kupamba maharusi, au karakana ya kuchanganya rangi za magari, tafuta 90 na kuendelea, kwenye kelvini 4000 hadi 5000. Ukipata boksi lililoandikwa na R9, hiyo ni alama ya nyekundu nzito peke yake. Iwe juu ya 50. Boksi lisiloandika CRI kabisa, lichukulie kuwa ni la chini. Kwenye duka la kawaida la Kilombero, hapa Arusha, huenda usilipate la 90 siku hiyo hiyo, agizia, subiri. Fundi anayelinganisha rangi anahitaji taa moja tu ya namna hiyo, juu ya cherehani. Chumba kilichobaki kiwe na chochote.

Mama yule sasa ana taa yake, lakini bado analinganisha uzi mchana mlangoni, halafu anaufunga kwenye kipande cha kitambaa kwa ajili ya usiku. Namsifu kwa hilo.

Na sisi wa madini?

Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba tanzanaiti ni jiwe la nyuso nyingi. Tangu ilipogunduliwa Mererani mwaka 1967, wanunuzi wameipenda kwa sababu inabadilika ukiigeuza: upande huu bluu, upande huu zambarau. Inabadilika pia kwa taa. Kwenye mwanga wa mchana bluu inajitokeza. Chini ya balbu ya njano zambarau ndiyo inayotawala. Jiwe ni lilelile, bei inayotajwa si ileile. Baadhi ya ganeti za bonde la Umba, Tanga, zinakwenda mbali zaidi: mchana zina ukijani au ubluu, chini ya balbu ya waya zinageuka nyekundu.

Ninachowafungia madalali ni taa mbili juu ya meza moja, swichi mbalimbali: moja kati ya 5000 na 6500 yenye CRI 90 na zaidi, nyingine ya njano ya 2700. Jiwe liangaliwe kwa zote. Halafu kuna jambo moja linalosahaulika. Majengo mengi mapya ya mjini yana vioo vya bluu au vya kijani. Mwanga unaopita hapo si mwanga wa mchana tena, umeshachujwa. Ukitaka kuangalia jiwe dirishani, lifungue dirisha.

Moshi tunafanya kazi na kahawa. Mbona kwenye chumba cha kuonja huwa kuna taa nyekundu?

Hapo ndipo rangi inatumika kuficha kwa makusudi mema. Kahawa iliyokaangwa zaidi ni nyeusi zaidi, na jicho linaanza kuhukumu kabla ulimi haujagusa. Taa nyekundu inafanya vikombe vyote vifanane, mwonjaji abaki na harufu na ladha. Kwa kuchambua punje mbichi ni kinyume chake: punje iliyochacha au kufifia inatambulika kwa rangi yake, kwa hiyo meza ya uchambuzi inataka nyeupe ya 5000 hadi 6500, CRI ya juu, na lux nyingi, hata 1,000. Mji ambao ndio makao ya Bodi ya Kahawa, haipendezi kina mama wanaochambua wafanye kazi hiyo chini ya tyubu moja iliyozeeka.

Nafanya kazi nyumbani usiku, na mwanangu anajisomea usiku. Tuwashe nyeupe ili tusisinzie?

Itakuzuia kusinzia, ndiyo. Na ukipanda kitandani itaendelea kukuzuia. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 116: taa za kawaida za chumbani, chini ya lux 200, zikiwashwa saa za mwisho kabla ya kulala, zilifupisha muda wa melatonini kwa dakika 90 hivi ukilinganisha na mwanga hafifu. Hizo si taa za uwanja wa mpira, ni taa za sebuleni.

Kwa hiyo kazi inayotaka akili nyingi ifanye mapema, hadi saa mbili usiku hivi, kwa 4000 na mwanga wa kutosha. Baada ya hapo zima za dari, bakiza taa ya mezani ya njano, 2700, inayomulika kitabu tu na si uso. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe zinasomeka vizuri kwa taa ya njano kama kwa nyeupe, mradi mwanga unatosha. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, usingizi wake wa usiku ndio unaobeba alichosoma. Nawasihi wazazi wasiuuze kwa saa moja zaidi ya taa kali.

Kuhusu madarasa, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, wanafunzi 84 wa darasa la tatu. Waliowekewa taa za kelvini 6000 zenye lux 1,000 waliendelea haraka zaidi katika kusoma kwa ufasaha kuliko wenzao wa taa za kawaida za lux 500. Ila rangi na wingi wa mwanga vilibadilishwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua kipi kilisaidia. Kwa shule zetu ningeanza na wingi, na kufuta vioo vya madirisha.

Tunaofanya zamu za usiku je?

Manesi, walinzi, waoka mikate: nusu ya kwanza ya zamu pata mwanga mwingi na mweupe, saa mbili tatu za mwisho punguza. Ukitoka asubuhi, vaa miwani ya jua njiani na ulale kwenye chumba chenye pazia zito. Kama unaendesha chombo, usivae kitu kinachokuongezea usingizi au kukupunguzia kuona, usalama kwanza.

Taa za ofisini zinaniumiza kichwa. Ni rangi?

Inaweza kuwa weupe uliozidi, lakini mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kumetameta. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko unapanda na kushuka mara mbili, kwa hiyo taa isiyo na saketi nzuri inafifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Huioni, ila ubongo unaipokea. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake walilinganisha, katika ofisi moja ya Uingereza, tyubu zenye choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) za zamani na zile zenye choki za elektroniki zisizometameta. Kwenye zile za pili, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Katika yote niliyoyaeleza kwenye ukurasa huu, ni tokeo mojawapo lenye nguvu zaidi, na halihusu rangi hata kidogo.

Pima hivi: fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa inametameta. Au shika kalamu uipeperushe haraka chini ya taa. Ikionekana vipande vipande kama kalamu nyingi, jibu ni lilelile. Wenye mashine za kuzunguka, hasa maseremala na wachonga vyuma, hili ni la hatari: msumeno unaozunguka unaweza kuonekana umesimama.

Jioni umeme unaposhuka nguvu, taa dhaifu zinazidi kumetameta. Nunua yenye maandishi ya volti pana, kama 85–265.

Je, mwanga wa bluu wa LED unaharibu macho? Ninunue ile miwani?

Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilipitia jambo hili mwaka 2018 na haikuona ushahidi kwamba taa za LED za matumizi ya kawaida zinadhuru macho ya mtu mzima mwenye afya. Miwani ya kuzuia bluu nayo ilichunguzwa mwaka 2023 kwa kujumlisha majaribio 17, na haikuonekana kupunguza uchovu wa macho wa kompyuta. Pesa hiyo mpe daktari wa macho akupime.

Nikiweka mikanda ya taa za rangi, nyekundu au bluu, nitakuwa mbunifu zaidi?

Wengi wamesikia habari ya utafiti wa British Columbia, Kanada, wa mwaka 2009, uliosema nyekundu inasaidia umakini na bluu inasaidia ubunifu. Ule ulihusu zaidi rangi ya kioo cha kompyuta nyuma ya maandishi, si taa ya chumba. Chumba cha rangi moja kinaua rangi nyingine zote na kuchosha macho. Mikanda hiyo ni ya sebule na sherehe.

Bosi wangu anataka kujua uzalishaji utapanda kwa asilimia ngapi.

Hakuna fundi mwaminifu atakayempa namba. Naelewa kwa nini anaitaka, anatoa pesa. Lakini mwambie kisa cha Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago. Kati ya 1924 na 1927 walibadili mwanga wakapima uzalishaji. Simulizi iliyoenea ni kwamba walipoongeza mwanga kazi ilipanda, na walipoupunguza kazi ilipanda pia, kwa sababu wafanyakazi walijua wanatazamwa na kujaliwa. Mwaka 2011 wachumi Steven Levitt na John List walichapisha uchambuzi wao wa takwimu za awali wakaona hata hilo halikuwa wazi kama lilivyosimuliwa. Karibu miaka mia imepita na bado ni vigumu kutenga kazi ya taa peke yake.

Anachoweza kupima mwenyewe ni makosa: nguo zilizorudishwa, hesabu zilizorudiwa, watu walioomba ruhusa kwa kichwa kuuma. Ahesabu mwezi mmoja kabla na miezi mitatu baada, maana wiki mbili za mwanzo kila mtu huchangamka kwa upya wa kitu.

Wafanyakazi wetu wengine wamevuka miaka 50. Kuna tofauti?

Kubwa. Lenzi ya jicho inaingia unjano kadiri umri unavyosonga na mboni inakuwa ndogo, kwa hiyo mwanga unaofika ndani ni mchache, hasa wa bluu. Mhasibu wa miaka 58 akisema chumba kina giza huku kijana wa 25 anasema kinatosha, wote wanasema kweli. Mpe mzee taa yake ya mezani.

Zile taa za dari zinazobadili rangi tatu ukizima na kuwasha, zina faida?

Zina faida, nami nazifunga sana kwenye vyumba vyenye kazi mbili, kama sebule ambayo mchana ni ofisi. Wasimamie watu tu: kwenye ofisi yenye taa nane, akizima mmoja vibaya utakuta nne nyeupe na nne njano, na macho yanahangaika kuzoea. Zote ziwe swichi moja.

Fundi, unaweza kuja kupima ofisini kwetu?

Naweza, ila nitakuja mara mbili, saa nne asubuhi na saa moja usiku, kwa sababu ni vyumba viwili tofauti. Kabla sijafika fanyeni jambo moja. Zimeni umeme, shusheni kifuniko kimoja cha taa, kifuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kikaushwe, kirudisheni, halafu washeni mkilinganishe na cha jirani yake. Vumbi la kiangazi cha Arusha ni jekundu, na kifuniko cha miaka miwili nimeshakikuta kimegeuza taa ya 6500 kuwa kama 3000. Mkiona tofauti, futeni na vilivyobaki, mniite wiki inayofuata.